KONYEZA WANAPOJAA: NANI KAWAPA NAFASI?

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa)



Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mliotuheshimu kwa kuja. Najua baada ya futari na tarawehe macho huwa mazito, kwa hivyo sitawaweka sana. Mada niliyopewa usiku huu ni ya bahari, na sisi watu wa kisiwa hatuna pa kuikimbia. Ukitoka Kibokoni ukashuka kidogo tu, ushafika majini.

Nitazungumza juu ya konyeza. Wengine humwita yavuyavu, na wengine kiwavi cha bahari. Ndiye yule mwenye mwili wa kutikisika kama faluda kwenye bakuli, anayeelea na mikia yake chini, na ukimgusa unajua umemgusa. Kila kijana aliyeogelea chini ya Ngome ya Yesu au kuruka majini pale Bandari ya Kale ana kisa chake na konyeza.

Suali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: mbona kuna wakati huoni hata mmoja, na wakati mwingine ni kama bahari yote imekuwa yao? Wamekuja kutuvamia, au sisi ndio tumewapa nafasi?

KONYEZA NI KIUMBE GANI?

Kwanza tumjue. Konyeza si samaki. Hana mifupa, hana moyo, hana damu, hana ubongo. Zaidi ya asilimia 95 ya mwili wake ni maji. Na bado kiumbe huyu ameishi katika bahari za dunia kwa zaidi ya miaka milioni 500, kabla ya samaki wengi tunaowajua. Kwa hivyo tusimdharau.

Mikia yake imejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna kijisindano kilichokunjwa, chenye sumu. Kikiguswa hufyatuka kwa kasi ajabu, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kazi hiyo haihitaji konyeza awe hai. Ndiyo maana hata aliyekufa, aliyetupwa mchangani, aweza kukuchoma. Wazazi, waambieni watoto wasiwachezee wale wa buluu wanaofanana na kibofu, wanaoletwa ufukweni na upepo. Hao kwa elimu ya viumbe si konyeza halisi, ila uchungu wao ni mkali zaidi kuliko wa konyeza wengi.

Jambo la pili, na hili ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu, ni namna anavyozaana. Konyeza wengi wana maisha mawili. Yale tunayoyaona yakielea ni maisha ya ukubwani. Kabla ya hapo huwa ni kiumbe kidogo cha milimita chache, kimeganda kwenye kitu kigumu kama ua kwenye shina. Wataalamu hukiita polipu. Polipu hupenda sehemu za chini zenye kivuli: majabali, nguzo za gati, maboya, matumbo ya meli mbovu, hata chupa ya plastiki iliyozama.

Polipu aweza kungoja, na akajizidisha mwenyewe kwa kuchipuza. Hali ya maji ikimpendeza, hujikata vipande vipande vilivyopangana kama sahani zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kila sahani hubanduka, ikaogelea, ikawa konyeza. Polipu mmoja aweza kutoa konyeza wengi kwa mpigo. Sasa fikiria maelfu ya polipu wakifanya hivyo kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye mtu atasema, "Wametoka wapi hawa ghafla?" Hawakutoka mbali. Walikuwepo wakingoja.

SABABU ZA KUJAA

Wakingoja nini? Hapa ndipo panapotuhusu. Nitataja sababu nne.

Ya kwanza ni kuondolewa kwa samaki. Konyeza hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Chakula hicho hicho ndicho kinacholiwa na simu, dagaa na vibua. Maadamu samaki hao wako wengi, konyeza hupata makombo. Wakivuliwa wakaisha, sinia lote linabaki kwake. Na akishakaa kwenye sinia halali njaa tena, kwa sababu hula pia mayai ya samaki na vitoto vyao vilivyoanguliwa. Kwa hivyo samaki wachache waliobaki wakizaa, konyeza amala kizazi chao. Mlango unafungwa kwa ndani.

Haya yametokea Namibia. Katika miaka ya 1960 bahari ile ilitoa dagaa kwa wingi mno, meli zikavuna bila kiasi, na dagaa wakaporomoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa katika sehemu ile kulikuwa na tani milioni 12.2 za konyeza, na samaki tani milioni 3.6 tu. Yaani kwa kila kilo moja ya samaki, kilo zaidi ya tatu za konyeza. Na dagaa wale hawajarudi kama walivyokuwa.

Tena twawaondoa hata wale wanaomla konyeza mwenyewe. Kasa ni mmoja wao. Yule kasa mkubwa wa mgongo wa ngozi chakula chake hasa ni konyeza. Mfuko wa plastiki ukielea majini hufanana mno na konyeza, kasa akaumeza, ukamziba matumbo. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulinung'unika kwa sababu ya usumbufu wa sokoni. Lakini kasa alipata afueni.

Sababu ya pili ni uchafu wetu. Hapa naomba tusioneane haya, maana ni mambo ya chooni na jikoni. Ni sehemu ndogo tu ya jiji la Mombasa iliyounganishwa na mabomba ya maji taka. Nyumba nyingi zina mashimo, na mashimo mengine huvuja. Maji mengi machafu hatimaye huingia baharini bila kusafishwa, hasa katika mkono wa bahari wa Tudor, ule unaopita mbele ya Mji wetu wa Kale, chini ya daraja la Nyali, ukaingia ndani mpaka Mikindani na Mishomoroni.

Maji hayo hubeba naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile vilivyomo ndani ya mbolea. Mbolea ikiingia shambani hustawisha mahindi. Ikiingia baharini hustawisha vimea vidogo vinavyoelea, navyo vikizidi hufa na kuoza, na kuoza kule hula oksijeni ya maji. Samaki hukimbia au hufa. Konyeza huvumilia. Mahali ambapo changu hawezi kupumua, yeye yu stareheni.

Na mikoko, ambayo ingetusaidia kuchuja uchafu huo na kuwalea samaki wachanga, tumeikata kwa kuni na majengo. Huko Tudor imekwisha sana kwa ukataji, uchafu na mchanga ulioletwa na mvua.

Sababu ya tatu ni meli na majengo ya baharini. Kila gati na kila nguzo ya zege ni nyumba mpya kwa polipu. Na meli kubwa hubeba maji ya bahari tumboni ili zisiyumbe, zikayachota bandari moja na kuyamwaga bandari nyingine, pamoja na viumbe vilivyomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jamaa wa mbali wa konyeza kutoka pwani za Amerika alifika Bahari Nyeusi kwa njia hiyo. Alipofika alikuta samaki wamevuliwa mno na maji yamejaa mbolea za mito. Kabla muongo haujaisha alikuwa amejaa tele, na uvuvi wa dagaa wa kule ukaanguka. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ya meli ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika mwaka 2017. Sisi wenye Kilindini, bandari kubwa ya Afrika Mashariki, twafaa kuujua mkataba huo kuliko wengi.

Tena usidhani kwamba wageni huja kwetu tu. Kuna konyeza wa maji ya Bahari Hindi na Bahari ya Sham aliyepita Mfereji wa Suez akaingia Mediterania, ambako alianza kuonekana katika miaka ya 1970. Leo kila kiangazi huwatesa waogeleaji na wavuvi wa kule.

Sababu ya nne ni joto. Bahari Hindi inapata joto kwa kasi. Mwaka 1998 tuliona matumbawe yetu yakigeuka meupe na kufa kwa sababu hiyo, hata ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa. Maji ya joto huwafaa konyeza wa aina nyingi, wakakua upesi na msimu wao wa kuzaana ukarefuka.

Juu ya hayo yote kuna pepo zetu, kaskazi na kusi, pamoja na mikondo. Hizi haziumbi konyeza, bali huwakusanya na kuwasukuma pwani. Kwa hivyo siku ukiona wamejaa, usiseme upepo umewaleta ukaishia hapo. Upepo ni mchukuzi tu. Aliyefunga mzigo ni mwingine.

ATHARI ZAKE

Athari ya kwanza humfika mvuvi. Jarife likijaa konyeza huwa zito, hukatika, na samaki waliomo huharibika. Mikono nayo huungua. Huko Japani mwaka 2009, mashua ya uvuvi ya tani 10 ilipinduka wavuvi watatu walipokuwa wakivuta wavu uliojaa konyeza wakubwa. Wote watatu waliokolewa. Sasa mvuvi wetu wa ngalawa au mtumbwi, anayetafuta riziki ya siku moja, wavu wake ukichanika kesho atavulia nini?

Athari ya pili ni kwa mitambo. Vituo vya umeme vilivyo pwani huvuta maji ya bahari ili kupoza mashine. Konyeza wakivutwa pamoja na maji huziba chujio. Usiku mmoja wa Disemba 1999 huko Ufilipino, watu milioni 40 hivi walibaki gizani, na uvumi ukaenea kuwa serikali imepinduliwa. Kumbe ni konyeza. Na Agosti 2025 kituo cha nyuklia cha Gravelines, Ufaransa, kilisimamisha mitambo minne kwa sababu hiyo hiyo. Nayasema haya kwa sababu hapa Mombasa, ambapo mifereji hukauka na twanunua maji kwa mitungi, kumekuwa na mipango ya kuchuja chumvi ya maji ya bahari tupate maji ya kunywa. Mtambo huo nao utavuta maji hayo hayo tunayoyachafua.

Athari ya tatu haionekani. Konyeza wakifa kwa wingi huzama. Mwisho wa mwaka 2002, kamera zilizoshushwa kwenye vilindi mbele ya pwani ya Oman zilikuta mizoga ya konyeza imetanda chini, mahali pengine kama zulia. Wengi wetu tuna jamaa Oman, na bahari yetu na yao ni moja. Mizoga kama hiyo inapooza pamoja hubadilisha hali ya maji ya chini na viumbe wanaoishi huko.

Na athari ya nne ni ya mwili. Nieleze kidogo huduma ya kwanza, kwa sababu mengi yanayosemwa mitaani si sawa. Ukichomwa, toka majini taratibu. Usisugue kwa mchanga wala taulo, maana vijisindano vilivyobaki vitafyatuka. Usiweke mkojo. Usioshe kwa maji baridi ya mfereji. Osha kwa maji ya bahari, ondoa mikia iliyoganda kwa kibanio au kwa mkono uliovikwa kitu, kisha tia sehemu hiyo katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyobabua, kwa dakika 20 hivi. Mtu akianza kutapika, kuvimba uso au kubanwa na pumzi, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja.

SI KILA WINGI NI MARADHI

Sasa ni lazima tuwe waadilifu. Si kila tukiona konyeza wengi ndiyo bahari imeharibika. Kujaa na kupungua ni tabia yao tangu zamani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya kumbukumbu za sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kuwa konyeza hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 20 hivi. Kwa hivyo mwaka mmoja wa wingi si ushahidi. Ushahidi ni pale wanapojaa wasiondoke, na samaki wasirudi.

Wala konyeza si adui. Vitoto vya kolekole hujificha chini ya mwavuli wake mpaka wakue. Kasa humla. Huko China na nchi nyingine za Asia wamemla kwa karne nyingi, wakimkausha kwa chumvi na shabu. Na chembe ya kung'aa kijani iliyotolewa katika konyeza mmoja imewasaidia madaktari kuona yanayopita ndani ya seli za mwili, mpaka wanasayansi watatu wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Tatizo si yeye kuwepo. Tatizo ni yeye kubaki peke yake.

TUFANYE NINI?

Hapa najua atainuka ndugu yangu mmoja mvuvi aseme: "Wewe wa chuo, watwambia tusitumie juya wala nyavu za matundu madogo. Je, watoto wangu watakula masomo yako?" Suali hilo ni la haki, na silikimbii. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, kwa sababu hukokota kila kitu, hadi vitoto vya samaki na majani ya bahari. Lakini sheria pekee haijazi chungu.

Kwa hivyo mimi sianzi na mvuvi. Naanza na sisi tunaonunua. Ramadhani hii, nani anayenunua fungu la vitoto vya tafi na changu visivyofika kiganja, kwa sababu ni rahisi? Vikikosa mnunuzi, havitavuliwa. Bora tununue samaki mmoja aliyekua, tumpunguze kwa nazi na viazi, kuliko kula kizazi kizima kwenye sahani moja. Mnunuzi akibadilika, mvuvi hupata sababu ya kubadili wavu. Na kikundi kikichanga kumsaidia mvuvi kijana kupata jarife la matundu makubwa, hiyo ni sadaka inayoendelea kuzaa.

Pili, maji taka. Kila nyumba iangalie shimo lake. Likivuja, lizibwe. Likijaa, livutwe na gari, lisifunguliwe usiku wa mvua likateremka baharini. Mafuta ya kukaangia sambusa na bajia yasimwagwe kwenye mtaro. Na tuwadai viongozi wetu mabomba ya maji taka kwa sauti ile ile tunayodai maji ya mfereji. Hayo ni mambo mamoja.

Tatu, kasa na mikoko. Kasa analindwa na sheria ya Kenya. Akinaswa, aachiliwe. Na vijana wanaopanda mikoko Tudor wasiachwe peke yao. Lakini tukumbuke, mche uliopandwa kwa picha na usioangaliwa mwaka wa pili haujapandwa.

Nne, tuandike. Vijana mnaoenda baharini mna simu za mkononi. Mkiona konyeza wengi, piga picha, andika tarehe, mahali na upepo gani unavuma. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, iko Mkomani, ng'ambo ya maji tu, ukisimama Bandari ya Kale waitazama. Wazee wetu walijua bahari kwa kukumbuka. Sisi tukiongeza kalamu, baada ya miaka 20 mtu ataweza kusema kwa yakini kama wamezidi au la.

Ndugu zangu, msiondoke mkidhani haya hayawezekani. Kwa miongo mingi tuta la Makupa lilizuia maji kupita kati ya upande wa Kilindini na upande wa Tudor, na ukingoni kulikuwa na jaa la Kibarani, ambalo kila mgeni alilinusa kabla hajakiona kisiwa. Jaa lile lilifungwa. Na mwaka 2022 likafunguliwa daraja mahali pa tuta, maji yakapata njia tena. Kilichozibwa na watu chaweza kuzibuliwa na watu.

Ila tusingoje. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Namibia walichuma kwa miaka michache, na mpaka leo wajukuu wala hasara yake. Konyeza hana haraka. Amengoja miaka milioni 500, na polipu wake yuko chini ya gati usiku huu anangoja. Sisi ndio tutakaoamua kama samaki watakuwepo wa kumwambia: nafasi hii ina mwenyewe.

 Aliye na suali na aulize, na wavuvi tuwape nafasi ya kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.